Rangi Nyekundu katika Jedwali la Alama: Uamuzi ni wa Nani?

Kazi ya kujaza na kupanga alama mwisho wa muhula huwachosha walimu kuliko kazi nyingine nyingi za shule. Tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya kata katika miteremko ya Kibosho au Uru, yenye mikondo 4 ya kidato cha pili, wanafunzi 45 katika kila mkondo, na masomo 9 kwa kila mwanafunzi. Mwalimu wa taaluma wa shule hiyo anapaswa kupitia visanduku 1,620 vya alama, kisha aseme ni wanafunzi gani wanaohitaji msaada. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa rula na kalamu ya wino mwekundu. Siku hizi walimu wengi huifanya kwa kompyuta, katika programu ya lahajedwali. Na aliye hodari zaidi hutumia makro, yaani mfululizo wa amri ulioandikwa mara moja na kuhifadhiwa ndani ya faili, ambao mashine huufuata kila unapoitwa. Mwalimu hubonyeza kitufe, na kufumba na kufumbua visanduku vya walioshindwa vimegeuka vyekundu.

Makala haya hayakusudii kuipinga makro. Kazi iliyokuwa ikila siku mbili sasa huisha katika muda wa kunywa kikombe cha chai, na muda huo uliookolewa ni mali ya wanafunzi. Yanakusudia kudai jambo moja tu: kwamba rangi ni hukumu, na hukumu juu ya mwanafunzi haina budi kutolewa na mwalimu anayemfundisha. Kwa hiyo mwalimu anayetumia makro sharti aweze kuisoma, kuieleza na kuibadili. Na vyuo vyetu vya ualimu, vikiwamo vya Marangu, Mandaka na Singachini vilivyo hapa mlimani, vina wajibu wa kumwandaa hivyo.

Asili ya jambo lenyewe

Mkoa huu si mgeni wa madaftari. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliielewa kauli hiyo mapema. Chama chao cha kwanza kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, ambacho makao yake yako mjini Moshi. Mwaka 1963 kilianzishwa hapo hapo Moshi Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni Chuo Kikuu. Mkulima aliyepeleka kahawa yake kwenye mizani alitaka kuona kilo zikiandikwa mbele ya macho yake, kwa kuwa alijua kwamba namba iandikwayo kwa siri haina mtetezi.

Katika elimu, daftari la alama lilipata uzito mpya baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambalo lilishutumu tabia ya kumpima mwanafunzi kwa mtihani mmoja wa mwisho. Kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yalianza kuhesabiwa pamoja na mtihani wake. Nia ilikuwa njema: mwalimu amfuate mtoto hatua kwa hatua, aone anapopanda na anapoteleza. Lakini tangu siku hiyo namba za kuandikwa ziliongezeka maradufu, na mwalimu akawa karani pia.

Mwaka huo huo wa 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu za Hazina kuleta matatizo makubwa. Ulimwenguni kwingine mambo hayakusimama. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani walitoa VisiCalc, lahajedwali ya kwanza ya kompyuta ndogo kupata soko kubwa. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, iliyompa mtumiaji uwezo wa kutunga makro. Mwaka 1985 ikafuata Excel. Na mwaka 1993 Excel ikapewa lugha kamili ya kutungia amri, ambayo walimu wetu wanaitumia hata sasa. Marufuku yetu ilikwisha zamani, na mashine zimeingia hadi katika ofisi za walimu. Swali halikwisha: mashine ikihesabu, ni nani anayefahamu inahesabu nini?

Rangi haina maana yenyewe

Mtoto wa Marangu aliyepata kwenda shambani na bibi yake msimu wa kuchuma kahawa anajua kwamba tunda jekundu ndilo linalochumwa, na la kijani huachwa mtini likomae. Mtoto huyo huyo akifika shuleni huambiwa kwamba nyekundu ni kushindwa na kijani ni kufaulu. Hakuna kinyume hapa, kwani rangi haikuzaliwa na maana. Watu ndio walioipa. Hali kadhalika isale, mmea ambao Wachagga huupanda kwenye mpaka wa kihamba na kuutumia pia kuombea msamaha. Isale haizuii mtu kupita. Inaheshimiwa kwa sababu inajulikana ni nani aliyeipanda, na majirani walikuwapo ilipopandwa.

Basi tuulize: ile alama ya 30, ambayo makro nyingi za shule za sekondari huitumia kugawanya wekundu na wasio wekundu, imepandwa na nani? Jibu ni kwamba imetoka katika madaraja ya mtihani wa kidato cha nne, ambamo F ni alama 0 hadi 29, D ni 30 hadi 44, C ni 45 hadi 64, B ni 65 hadi 74, na A ni 75 hadi 100. Mpaka huo una kazi yake katika kutoa vyeti. Je, unafaa pia kumwonyesha mwalimu wa kidato cha pili ni mtoto gani amwite pembeni mwezi wa Aprili?

Tazama wanafunzi wawili katika somo la hisabati. Wa kwanza, katika majaribio matatu yaliyofuatana, alipata 72, kisha 58, kisha 46. Wa pili alipata 14, kisha 21, kisha 28. Makro ya mpaka wa 30 itampaka wa pili rangi nyekundu mara zote tatu, na wa kwanza haitamgusa kabisa. Lakini kwa macho ya mwalimu, wa pili anapanda kwa kujitahidi, na anachohitaji ni kutiwa moyo; wa kwanza ndiye ambaye jambo fulani limemkuta. Pengine mama yake anaugua. Pengine amehamia kwa ndugu anayekaa mbali na shule, na wakati wa masika njia ya kupanda mlima humfikisha darasani kipindi cha kwanza kimekwisha. Jedwali haliwezi kujua sababu, wala hatulidai lijue. Tunachodai ni kwamba limwonyeshe mwalimu mahali pa kuuliza. Jedwali linalompita mtoto huyo kimya limeshindwa kazi yake, ingawa kila namba iliyomo ni sahihi.

Mashine hutii, haiulizi

Mwalimu asiyeijua makro aitumiayo hukutana na matatizo kadhaa ambayo yafaa yatajwe moja moja.

La kwanza ni kisanduku kitupu. Katika lugha ya makro za Excel, kisanduku kisicho na kitu kikilinganishwa na namba huhesabiwa kuwa sifuri. Amri isemayo "paka nyekundu kila kilicho chini ya 30" itampaka nyekundu pia mtoto ambaye hakufanya mtihani. Aliyelazwa hospitali na aliyepata 5 watakuwa na sura moja. Na mwalimu akiandika neno "hayupo" mahali pa namba, makro isiyotayarishwa kwa maneno itakwama katikati, na majina ya chini yake yatabaki bila kukaguliwa.

La pili ni namba inayoonekana na namba iliyomo. Wastani wa 29.6, jedwali likiwa limepangwa kuonyesha namba nzima, huonekana kuwa 30. Mashine hulinganisha ile 29.6 iliyomo ndani, kwa hiyo kisanduku kinakuwa chekundu huku kikisomeka 30. Mzazi akiuliza, mwalimu asiyejua sababu hana jibu. Kukadiria kwanza au kutokadiria ni uamuzi wa shule, wala si wa mashine.

La tatu ni rangi iliyochelewa. Makro iitwayo kwa kitufe hupaka rangi mara moja tu. Alama ya 25 iliyoandikwa kimakosa ikisahihishwa kuwa 52, wekundu utabaki pale pale hadi makro iitwe tena. Na kama mtungaji hakuweka amri ya kufuta rangi za zamani kwanza, utabaki hata baada ya kuitwa. Zaidi ya hayo, kilichofanywa na makro hakirudishwi nyuma kwa amri ya kawaida ya kutengua. Mwenye busara huhifadhi nakala kabla ya kubonyeza.

La nne ni mpaka uliofichwa. Aghalabu namba 30 huandikwa ndani ya amri zenyewe, mahali ambapo anayefungua jedwali haioni. Faili hilo hutoka shule moja likaenda nyingine kwa simu au kwa kijiti cha kuhifadhia, na mtungaji wake akahamishwa wilaya. Fikiri sasa kwamba faili hilo limefika shule ya msingi, ambako alama hutolewa kwa 50, na daraja C ni alama 21 hadi 30. Mtoto aliyepata 29 kwa 50 yumo katika daraja C, lakini makro itamtangaza kuwa ameshindwa. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Isale ya shamba moja imehamishiwa shamba jingine, na hakuna shahidi.

La tano ni hali za vifaa vyetu. Karatasi ikichapwa kwa wino mweusi, nyekundu na kijani zote huwa kijivu. Na wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Makro hizi hazifanyi kazi katika Excel ya simu, ilhali walimu wengi hulifungua jedwali kwa simu. Faili likihifadhiwa katika umbo la kawaida lisilobeba makro, amri zote hupotea. Kwa hiyo rangi iambatane na neno au herufi katika safu ya pembeni, ili maana isitegemee wino.

Hoja za wenzetu

Wako wanaosema kwamba mwalimu hana muda wa kujifunza utungaji wa amri. Apewe faili lililo tayari, afundishe. Hoja hii ina uzito, kwani tangu ada ya sekondari za serikali ifutwe kuanzia mwaka 2016, madarasa yamejaa. Hata hivyo faili lililo tayari lina namna mbili: lile ambalo mpokeaji anaweza kulifungua na kulisoma, na lile ambalo amefungiwa. La kwanza ni msaada. La pili humfanya mwalimu awe mtu wa kubonyeza, na hukumu juu ya wanafunzi wake hutolewa na mtu asiyewajua. Iko pia hatari nyingine. Makro ni programu, na programu yaweza kubeba madhara; mwaka 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilienea duniani kwa njia ya makro zilizofichwa katika hati za kawaida, na mwaka 2022 kampuni ya Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yatokayo kwenye intaneti zisiendeshwe bila mtumiaji kuchukua hatua ya kuziruhusu. Mwalimu aliyezoea kukubali kila anachoulizwa na mashine ni mlango ulio wazi.

Wengine husema kwamba makro haihitajiki kabisa, kwa sababu lahajedwali ina njia yake ya kupaka rangi kwa masharti, isiyo na utungaji wa amri. Hoja hii ni kweli kwa sehemu kubwa. Kwa mpaka mmoja ulio wazi, njia hiyo ndiyo bora: rangi hubadilika yenyewe alama inaposahihishwa, na faili halibebi programu yoyote. Makro huonyesha faida yake pale kazi inapokuwa na hatua nyingi: kulinganisha majaribio ya mihula mitatu yaliyo katika kurasa mbalimbali, kukusanya majina ya walioshuka katika orodha moja, na kuandika neno la maelezo kando ya kila jina. Lakini njia yoyote itakayochaguliwa, swali la mpaka halikwepeki. Sharti lililowekwa bila kufikiriwa ni baya sawasawa na amri iliyotungwa bila kufikiriwa.

Namna ya kufundisha

Pendekezo langu kwa wakufunzi ni kwamba somo hili lisianzie kwenye kompyuta. Lianzie ubaoni, kwa Kiswahili. Mkufunzi aandike kwenye karatasi ya manila alama 20 za kubuni pamoja na alama za jaribio lililotangulia, akikusudia kuingiza humo kisanduku kitupu kimoja, neno moja mahali pa namba, alama ya 30 kamili, na alama ya 305 iliyotokana na kidole kuteleza. Kisha wanachuo watunge amri zao kwa maneno, kwa mfano hivi:

1. Futa rangi zote za zamani.
2. Anza na mstari wa kwanza wa majina, uende hadi wa mwisho.
3. Kisanduku kikiwa kitupu, kipake kijivu, usikihukumu, nenda kinachofuata.
4. Kilichomo kisipokuwa namba, au namba ikiwa chini ya 0 au zaidi ya 100, kipake bluu ili mwalimu akikague, nenda kinachofuata.
5. Alama ikiwa chini ya mpaka ulioandikwa juu ya ukurasa, kipake nyekundu.
6. Alama ikiwa imeshuka kwa 10 au zaidi tangu jaribio lililopita, andika neno "ameshuka" katika safu ya pembeni, hata kama kisanduku si chekundu.

Amri zikishaandikwa, mwanachuo mmoja ateuliwe kuwa mashine. Apewe penseli za rangi, na azifuate amri kama zilivyosomwa, bila kuongeza akili yake. Hapo ndipo kasoro hujitokeza mbele ya darasa zima. Kundi lililosahau amri ya tatu litaona mtoto mgonjwa akipakwa nyekundu. Kundi lililoandika "30 au chini ya hapo" badala ya "chini ya 30" litaona mwenye 30 kamili, ambaye kwa madaraja ya kidato cha nne ana D, akihesabiwa kuwa na F. Zoezi hili halihitaji umeme. Lahitaji karatasi, penseli na kipindi kimoja.

Baada ya hapo mjadala uelekezwe kwenye zile namba zenyewe. Kwa nini kushuka kwa 10, na si kwa 5 au 15? Je, mpaka wa hisabati ulingane na wa Kiswahili? Ni nani atakayeiona karatasi hii: mwalimu peke yake, au itabandikwa ukutani na kumtangaza mtoto kuwa mwekundu mbele ya wenzake? Maswali haya ni ya elimu na upimaji, si ya kompyuta, na mwanachuo atagundua kwamba hawezi kutunga hata mstari mmoja wa amri kabla ya kuyajibu. Hapo ndipo faida kubwa ya makro kwa chuo cha ualimu ilipo: humlazimisha mwalimu kusema waziwazi anachokiamini juu ya kufaulu na kushindwa. Kazi ya chumba cha kompyuta, yaani kuzigeuza amri za Kiswahili kuwa lugha ya mashine, ije mwisho. Na atakayekuwa ameelewa sehemu ya kwanza hataiona ngumu.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo atakayepelekwa Rombo, Machame au Kahe apewe kazi ya kuomba faili la alama la shule hiyo, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na aeleze kwa maandishi mpaka wake uko wapi, unaonekana au umefichwa, na kisanduku kitupu hutendewaje. Majina ya wanafunzi yasitoke nje ya shule. Ripoti ya ukurasa mmoja yatosha.

Hitimisho

Siku ya kikao cha wazazi, mama aliyeacha migomba na ng'ombe wake, akateremka mlima tangu alfajiri, atashika karatasi na kuuliza: mbona mwanangu amewekewa nyekundu? Mwalimu akijibu kwamba kompyuta ndiyo iliyoweka, atakuwa amekiri kwamba hana analojua. Lakini akiweza kumwonyesha namba iliyo juu ya ukurasa, akamweleza ni nani walioikubali na kwa nini, kisha akamwambia, "Mama, nyekundu hii isikutishe sana, mwanao alianza na 14 na sasa ana 28," makro itakuwa imefanya kazi yake, na yeye amefanya ya kwake.